Amepimwa macho akaambiwa ni mazima, lakini upande wa kushoto haoni. Nimwambie tajiri wake?

*Barua ya msomaji*

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba jina langu na mji tunaoishi visitajwe, maana mume wangu anajulikana stendi nzima.

Mume wangu ni dereva wa daladala, Hiace, na kazi hiyo ndiyo iliyotujengea hata hivi vyumba viwili tunavyolala. Kabla ya masika alikuwa anarudi usiku baada ya kulaza gari, amepanda bodaboda, hana kofia ngumu. Wakagongana na gari lililokuwa linaingia barabarani. Alipiga kichwa upande wa kulia, nyuma ya sikio. Hakujitambua kwa siku kadhaa. Picha ya CT ilionyesha damu imevujia ndani, akafanyiwa upasuaji. Namshukuru Mungu, alizinduka. Anatembea, anaongea vizuri, hata utani wake umerudi. Inaelekea mwezi wa tano sasa.

Kinachonitesa ni macho, au sijui niite nini. Anagonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango kila siku, mlango uleule. Nikimpakulia wali anakula upande wa kulia wa sahani, kisha ananiuliza mbona leo chakula kidogo, na nusu nzima ipo pale mbele yake. Nikiizungusha sahani anacheka, anasema hakuiona. Mwezi uliopita kaka yake alitutumia 150,000 kwa simu ya mume wangu. Yeye akasoma 50,000. Nilipotaja laki na nusu akaniambia nina njama na kaka yake, tukalala bila kusemeshana. Asubuhi mtoto wetu mkubwa akamsomea ujumbe mbele yangu. Alikaa kimya, akatoka nje.

Tulirudi kliniki ya macho. Alisimamishwa mbele ya ile chati ya herufi, akasoma mpaka mstari wa chini kabisa. Wakasema macho mazima, wakamwandikia miwani ya kusomea tukainunua. Mimi nadhani jicho lake la kushoto limekufa nguvu, lakini yeye kila nikimgusia ananitolea kile cheti.

Kuna jingine ambalo naona aibu kuliandika. Jioni giza likianza kuingia, anasema anaona mtoto mwenye sare ya shule amekaa upande wa kushoto wa kabati. Hasemi neno, amekaa tu. Mama mkwe alisikia, na tangu siku hiyo wimbo wake ni mmoja, kwamba mwanawe amechezewa na apelekwe kijijini kwa mtu anayemfahamu yeye.

Sasa tajiri mwenye gari amesema mwisho wa mwezi huu ukifika mume wangu hajarudi kazini, gari anampa moja kwa moja yule deiwaka anayelishika sasa. Mume wangu amemwambia yuko fiti. Juzi aliombwa na jirani asogeze Noah yake uani. Alikanyaga ndoo na kukwangua ukuta, vyote upande wa kushoto, halafu akawagombeza watoto kwamba ndoo wameiweka baada ya yeye kuingia kwenye gari. Ndoo ilikuwepo tangu asubuhi.

Tajiri amenipigia mimi. "Shemeji, niambie ukweli, jamaa yuko sawa?" Nikasema anaendelea vizuri, nikakata simu natetemeka. Mume wangu ameniambia, "Ukimwaga mchele wangu kwa tajiri, usinihesabu tena kama mumeo." Nina genge la mboga, halitoshi kodi ya fremu na ada. Nikisema, nimevunja nyumba. Nikinyamaza, kila nikifumba macho naona watoto wa shule wanavyogombania mlango wa Hiace, na mlango uko kushoto. Je, ananidanganya au anaumwa? Na nimwambie tajiri au nisimwambie?

Mke mwenye hofu

*Majibu*

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya lolote nikuambie kwamba una jicho kali. Fremu ya mlango, sahani, ujumbe wa pesa, ndoo: umeandika kwa utaratibu mambo ambayo daktari angetamani kila mgonjwa aje nayo, na karibu yote yanaangukia upande mmoja. Weka barua hiyo. Utaihitaji.

Unaniuliza mambo mawili, kama mumeo anakudanganya na kama umwambie tajiri. Naanza na la kwanza, kwa sababu nadhani limekaa juu ya jambo ambalo wewe, yeye na hata mama mkwe mmelichukua kuwa limekwisha, yaani kwamba macho yamepimwa.

Kilichopimwa ni kitu kimoja. Chati ya herufi inapima ukali wa kuona, tena kwa sehemu ndogo ya katikati, pale mtu anapokaza macho. Ukichungulia kupitia kipande cha bomba, herufi zote utazisoma, lakini anayepita kando yako hutamwona. Kwa hiyo cheti chake si cha uongo, na wewe pia husemi uongo. Kinajibu swali ambalo siyo lenu.

Kuona hakuishii kwenye jicho. Picha husafiri kwa mishipa hadi nyuma kabisa ya ubongo, kwenye kisogo, na njiani hugawanywa: vyote vilivyo kushoto kwetu, viwe vimeingia kwa jicho la kushoto au la kulia, hupelekwa ubongo wa upande wa kulia. Mumeo aliumia kulia. Ndiyo maana sina hakika na wazo lako kwamba jicho la kushoto limekufa. Kama njia hiyo ya ubongo ndiyo iliyoguswa, hata afumbe jicho lipi, upande unaopotea ni uleule wa kushoto, na wala yeye haoni giza. Kwake dunia inaishia pale tu. Lakini hilo nalo ni dhana yangu mpaka apimwe.

Hapa naomba tuende polepole, maana yapo matatizo mawili yanayofanana sana kwa anayetazama kutoka nje. La kwanza ni hilo la kupoteza nusu ya upana wa kuona. Mwenye nalo, baada ya muda, mara nyingi hugundua na kuanza kugeuza shingo kutafuta. La pili ni ubongo kuacha kuushughulikia upande mmoja, ingawa picha inafika. Huyo hageuki, kwa sababu haoni kuna kitu cha kugeukia. Anakula nusu sahani, ananyoa shavu moja, anaanza kusoma mstari katikati. Namba 150,000 kwake inaanza na tano. Hutokea zaidi kwa walioumia ubongo upande wa kulia, na mara nyingi huja pamoja na kutojua kabisa kwamba kuna kasoro. Mtu huyo ukimwambia haoni, anakushangaa kwa dhati. Ukimwonyesha ndoo, akili inatafuta maelezo ya haraka, na maelezo ya haraka ni kwamba watoto wameiweka sasa hivi.

Sisemi mumeo ni huyo. Anaweza kuwa na yote mawili, au moja, na anaweza pia kuwa anajua kidogo na anaogopa sana. Ukimya wake asubuhi ile mtoto alipomsomea ujumbe unanifanya nidhani kuna kitu alikihisi. Lakini neno "ananidanganya" ningeomba uliweke pembeni kwanza. Ugomvi wa laki na nusu huenda haukuwa na mwizi wala mwongo ndani yake, na ningefurahi siku moja mkiongea mkaliona hivyo wote wawili.

Vipimo vinavyotakiwa vipo, na vingine havihitaji mashine yoyote. Daktari anakaa mbele yake, anamwambia amtazame puani, kisha anatingisha vidole kutoka pembeni, kushoto, kulia, juu, chini, jicho moja moja. Halafu anatingisha mikono yote miwili kwa pamoja. Wapo wanaouona mkono wa kushoto ukiwa peke yake, lakini ukitingishwa pamoja na wa kulia wanauona wa kulia tu. Hapo ndipo tatizo la pili linapoanza kujitoa. Ipo mashine ya kupima upana wa kuona, ambayo mtu hukaza macho kwenye nukta na kubonyeza kitufe kila kimwanga kinapomulika pembeni. Zipo karatasi: gawa mstari huu katikati, kata nyota zote zilizo hapa, chora saa na namba zake. Zinaonekana kama za chekechea, na wanaume wengi hukasirika wakipewa. Mwandae mapema, aambiwe ni kipimo cha ubongo. Waangalie pia jinsi macho yanavyofuata kalamu, mboni zinavyoitikia tochi, mshipa wa jicho kwa ndani, na wamuulize kama anaona vitu viwiliviwili. Mishipa inayosogeza macho huumia kwa urahisi kichwa kikipigwa, na mtu anaweza kuwa anafumba jicho moja bila kukuambia.

Elimu hii ina zaidi ya miaka mia. Daktari mmoja wa macho wa Japani, Tatsuji Inouye, aliwapima askari waliopigwa risasi kichwani katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, akachora ni sehemu gani ya ubongo inaona sehemu gani ya mbele yetu. Alichapisha kazi yake 1909. Kilichomfanya awapime ni pensheni, kwani ilibidi ijulikane kila mmoja amepoteza kiasi gani cha kuona. Riziki na kipimo vilikutana tangu zamani, mwanangu.

Kwa hiyo mkirudi hospitali msiombe tena "kupimwa macho". Semeni: aliumia kichwa, alifanyiwa upasuaji, tunaomba apimwe upana wa kuona, na apimwe kama ubongo unaupuuza upande wa kushoto. Beba karatasi za upasuaji na picha ya CT. Ikiwa mlipo hawana, ombeni rufaa. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zina idara za macho, na mahali penye mtaalamu wa tibakazi, yule anayemrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, msimpite. Huyo ndiye huona yale ambayo chumba cha macho hakiyaoni.

Kuhusu mtoto wa sare. Usione aibu. Ubongo usioletewa picha upande fulani wakati mwingine hujitengenezea za kwake: watu, wanyama, maua, wamekaa kimya, mara nyingi mwanga ukipungua. Charles Bonnet wa Uswisi aliliandika jambo hili 1760, akieleza yaliyompata babu yake ambaye uoni wake ulikuwa umefifia ilhali akili yake ni timamu. Hata hivyo lazima daktari aambiwe, kwa sababu kifafa kinachofuata jeraha la ubongo nacho huweza kuleta picha za namna hiyo. Na likitokea lolote kati ya haya, kichwa kinachozidi kuuma siku hadi siku, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mwili kukakamaa au kutetemeka, kuona kukipungua ghafla, msingoje kliniki. Nendeni siku hiyohiyo.

Mama mkwe usigombane naye. Anaogopa kama wewe, ila hofu yake imepata njia nyingine. Akitaka kumwombea, amwombee. Mpaka ningeuweka mahali pamoja: asitiwe dawa yoyote ya majani machoni. Macho yenyewe huenda ni mazima kweli, na dawa hizo zimewaachia watu wengi makovu kwenye kioo cha jicho. Mweleze kwa upole kwamba kuna jina la hospitali la kile anachokiona mwanawe. Wakati mwingine mzazi anatafuta jina tu.

Sasa tajiri. Umeniwekea njia mbili, kusema au kunyamaza, na zote mbili zinakufanya wewe kuwa hakimu wa mumeo. Sidhani ni mbili tu, ingawa sikufichi kwamba hakuna hata moja iliyo rahisi.

Ukimpigia tajiri kwa siri, huenda gari likasimama. Lakini utakuwa umesema jambo ambalo hujalithibitisha, mumeo atajua (stendi haina siri), na mtu aliyeumia kichwa, ambaye tayari anahisi watu wanamlia njama, atapata ushahidi wa njama. Kuna pia uwezekano kwamba vipimo vikija havitakuwa vibaya kama unavyoogopa.

Ukinyamaza hadi mwisho wa mwezi akakabidhiwa usukani, nyumba itatulia kwa muda. Wewe mwenyewe umeshaandika wale watoto wa shule huwa upande gani wa gari, na sina la kuongeza hapo. Nikupe vipimo tu. Mtu mzima huona mbele yake upana wa karibu nyuzi 180. Aliyepoteza nusu hubaki na takribani 90. Uingereza, wanakoendesha kushoto kama sisi, dereva wa gari dogo anatakiwa awe na upana usiopungua nyuzi 120, na dereva wa basi 160. Hawakuweka tofauti hiyo kwa kuwadharau madereva wa basi. Nakuomba pia ufikirie upande wake: ajali ikitokea, atakayesimama mbele ya polisi ni yeye, na familia zitakazolia zitamtaja yeye.

Iko njia ya tatu, ya kuomba muda. Maneno kama "Bado hajamaliza kliniki, daktari anataka kipimo kimoja zaidi kabla hajashika gari" ni ya kweli kuanzia siku mtakapopata miadi, hayamvunjii heshima, na yanaweza kusemwa na yeye mwenyewe. Hatari yake ni kwamba tajiri anaweza asisubiri. Gari likaenda kwa deiwaka, na mwezi ujao mkawa na jibu la daktari mkononi bila kazi ya kurudia. Hilo ni jambo la kweli na usilichukulie kirahisi. Lakini tajiri aliyekupigia simu kuuliza ni tajiri mwenye wasiwasi na gari lake. Huenda akalipokea kuliko unavyodhani.

Na ya nne ni kumtafuta mwingine aseme na mumeo, siyo na tajiri. Kaka yake aliyetuma pesa, kwa mfano, ambaye naye aliguswa na ugomvi ule. Au konda wake wa zamani, mtu aliyekaa mlango wa kushoto miaka yote na anajua dereva wake alikuwa anaona nini. Mwanaume anaweza kulisikia kwa konda jambo ambalo kwa mke analiita dharau. Hatari ni neno kuvuja, hivyo chagua mtu mwenye kifua.

Ukizungumza naye mwenyewe, acha kumwambia "huoni". Hilo atalikana, na pengine kwa haki yake. Mwambie ulichokiona wewe na ulivyojisikia, kisha mpe kitu cha kujaribu. Mkisoma ujumbe, aweke kidole gumba mwanzo wa mstari, upande wa kushoto, asianze mpaka akione kidole. Kwenye gazeti bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto. Hizi ni mbinu zinazofundishwa hata hospitalini, pamoja na kuzoeza kichwa na macho kwenda kushoto kwanza kila unapoingia mahali. Akigundua mwenyewe kwamba mstari ulikuwa na mwanzo asioujua, mazungumzo yatakuwa mengine.

Kuhusu kupona sitakupaka mafuta. Upana wa kuona uliopotea kwa jeraha la ubongo hurudi zaidi miezi mitatu ya mwanzo, na baada ya sita mabadiliko huwa madogo. Ninyi mko wa tano. Kuzoea, kujifunza kutafuta kwa macho, kusoma tena bila makosa, hayo huendelea baada ya hapo, na wengi hufika mbali. Ila kusoma gazeti na kuendesha abiria kumi na tano saa moja asubuhi ni mizani tofauti, na jibu la mizani hiyo lipo kwa atakayempima. Huenda likawa ndiyo, hapana, au bado.

Wakati mnangoja, kazi ya stendi si usukani tu. Anajua ruti, anajua mafundi, anajua hesabu inavyopotea njiani. Wapo wenye magari wanaolipa mtu wa kuwasimamia magari na hesabu zao. Usimpelekee wewe wazo hilo kama hukumu. Likitoka kwa kaka yake au kwa tajiri mwenyewe litakuwa na sura nyingine.

Na hilo tishio la "usinihesabu kama mumeo" nimelisikia kama sauti ya mtu anayeona kila kitu kinamponyoka mkononi. Jeraha la ubongo pia hupandisha hasira, mwambieni daktari hilo nalo. Lakini likigeuka kuwa mkono, usilivumilie kwa sababu anaumwa. Nenda kwa kaka yake siku hiyohiyo.

Niandikie mkipata miadi, hata kama hujaamua chochote kuhusu tajiri. Na genge usilifunge kwa ajili ya kliniki. Mwombe kaka mtu ampeleke siku moja, wewe nyingine.